Uliza Bibi wa Masikio: Mjomba anasema pamba inatosha

*Shikamoo Bibi. Mimi ni msomaji wako wa Chumbageni, hapa hapa Tanga. Mjomba wangu ana bunduki ya marisau ya namba 12, yenye kibali, na ni mwanachama wa klabu ya kulenga shabaha. Mwezi ujao anataka kunipeleka nikajifunze. Anasema yeye miaka yote hutia pamba masikioni na bado anasikia vizuri. Mimi nimepita duka la vifaa vya ujenzi huku Ngamiani nikakuta vizibo vya sponji vimeandikwa NRR 33, hedifoni za kuzuia kelele zimeandikwa NRR 22, na nyingine za betri ambazo bei yake imenitoa jasho. Shemeji yangu aliyeko Uingereza naye anataka kuniletea zilizoandikwa SNR 30. Nichukue zipi?*
*Mwanafunzi wa Shabaha*

Marahaba, mwanangu. Mjomba mpe salamu zangu, kisha mfanyie jaribio. Akiwa amekaa, simama nyuma yake upande wa kushoto asikuone mdomo, umtajie kwa sauti ya chini "sita", "tisa", "tisa", "sita", akurudishie. Akianza kuzichanganya utajua kwa nini watu wa nyumbani kwake wanapiga kelele. Nimesema kushoto kwa sababu anayelenga kwa bega la kulia hulaza shavu la kulia kwenye kitako, kichwa kikalikinga sikio la kulia, na la kushoto likabaki linatazamana na mtutu. Na nimechagua maneno hayo kwa sababu mlio wa bunduki huanza kula sauti nyembamba: s, t, f, sh. Sauti nene anazisikia zote, ndiyo maana anaapa kuwa hana tatizo. Nilikaa kitengo cha masikio hadi nikastaafu, na wazee wa bunduki wote walikuja na wimbo huo huo: "Nasikia, ila watu wa siku hizi wanatafuna maneno."

Sasa pamba. Pamba haizuii chochote cha maana. Kwa milio ya ghafla kama ya risasi, mpaka wanaoutaja wataalamu ni desibeli 140 (desibeli ndiyo kipimo cha ukubwa wa sauti). Bunduki ya namba 12 hupita 150, na hata raifo ndogo ya .22 hukaribia au kufika hapo kwenye 140. Wafanyakazi wa korona, zile mashine za kuchakata mkonge, huumia polepole, mwaka baada ya mwaka. Bunduki haina subira hiyo. Mlio mmoja tu unaweza kuharibu vinyweleo vya ndani ya sikio vinavyopokea sauti, na vikishakufa havioti tena.

Umeniandikia namba tatu, nami nakuomba usizipe heshima kubwa hivyo. Zote hueleza kinga inapunguza desibeli ngapi: NRR ni kipimo cha Wamarekani, SNR ni cha Ulaya, na kifaa kile kile kwa kawaida hupata namba kubwa zaidi kwenye SNR, kwa hiyo usidhani 30 ya shemeji imeishinda 22 ya Ngamiani kwa mbali. Tena namba zenyewe zimepatikana maabara, mvaaji ametulia na amevalishwa vizuri. Huko Marekani kwenyewe, kwa kelele za kazini, hesabu ya tahadhari ni kutoa 7 kisha kugawa kwa 2. Ile 33 yako inabaki 13! Sponji iliyoingia sawasawa itakupa zaidi ya hapo. Iliyochomekwa nusu haitakupa hata hizo 13.

Basi jifunze kuivaa kabla hujajifunza kulenga. Osha mikono. Isokote sponji kwa vidole mpaka iwe nyembamba, isiwe na mkunjo. Mkono wa pili upitishe juu ya kichwa, uvute sikio kwenda juu na nyuma ili njia yake inyooke, uingize mara moja, kisha uishike kwa kidole nusu dakika mpaka ijae. Wengi huiachia mapema, inatoka kidogo kidogo bila wao kujua. Simama mbele ya kioo: ukiiona imechomoza nje ya sikio, haijaingia, toa uanze upya. Jasho letu la hapa pwani huichafua upesi, na ikishachafuka itupe, ni ya bei rahisi.

Hedifoni ni rahisi kuvaa, lakini adui yake ni kitu chochote kinachopita chini ya mto wake. Mikono minene ya miwani ya kinga, nywele, ushungi. Kofia ya mjomba haina neno, mradi mito ikae kwenye ngozi. Wanawake wanaokwenda renji, yaani uwanja wa kulenga shabaha, nawashauri wavae hedifoni kwanza, ushungi juu yake. Angalia pia zisiwe nene kiasi cha kugonga kitako unapolaza shavu, maana zikigongwa zinafunguka sekunde ile ile unayofyatua. Na zile za kusikilizia muziki, hata ziwe za bei gani, siyo kinga ya bunduki.

Jibu langu ni hili: vaa sponji na hedifoni pamoja. Namba hazijumlishwi, hiyo ya pili huongeza kama desibeli 5 tu juu ya ile yenye nguvu. Lakini kwa bunduki, na hasa renji yenye paa linalorudisha mlio, hizo 5 nazitaka, na moja ikilegea nyingine ipo. Hedifoni za NRR 22 zinatosha kuanzia. Za betri hazizibi zaidi ya za kawaida. Uzuri wake ni kwamba zina maikrofoni zinazokuletea maneno ya kawaida na kuyakata makelele, kwa hiyo hata ukiwa na sponji ndani unaongeza sauti na kumsikia msimamizi akisema "Acha kupiga!" Mwanafunzi asiyesikia amri hiyo ni hatari kwa wenzake. Kama shemeji ana mkono mwepesi, mwombe hizo. Na vaa kabla hujakanyaga renji, maana anayekuumiza anaweza kuwa jirani yako.

*Bibi, mume wangu alipiga bunduki Jumamosi bila kuziba masikio. Leo Jumanne sikio la kushoto bado linalia nziii na anasema limeziba. Mama mkwe ameshauri mafuta ya nazi ya moto.*
*Mama wa Makorora*

Mwanangu, barua yako nimeijibu kwa simu siku ile ile, ila naichapa kwa faida ya wengine. Msitie mafuta, wala kitunguu, wala kijiti. Mlio unaoisha baada ya saa chache ni onyo. Uliovuka siku mbili na sikio limeziba ni safari ya hospitali leo. Kuna dawa ambazo husaidia zikianzwa ndani ya siku chache, na kila siku inayopita inazipunguzia nguvu. Nendeni Bombo, mseme wazi kuwa sikio limepoteza usikivu ghafla baada ya mlio wa bunduki, mtaje sikio lipi na siku gani, na muombe kuonana na daktari wa masikio, pua na koo. Mama mkwe mwambieni mafuta yake tutayapikia.