Kuwachorea watu ramani bure: mimi nilianza kwa kumfilisi mtu

Mkuu, umesema umemaliza chuo, kazi bado, na unataka kuwachorea ramani bure watu wa uswahilini wasioweza kumlipa mbunifu majengo, uanzie wapi. Naona wengi wamekujibu "Mungu akubariki" wakaishia hapo. Mimi hii kazi nimeifanya kwa vipindi, mwaka wa kumi na moja sasa. Ngoja nikwambie nilipokosea.

Mtu wangu wa kwanza alikuwa mama ntilie wa Mbagala, mpangaji, aliyenunua kiwanja kidogo kidogo kwa hela za kikoba. Nikamchorea nyumba haswa: vyumba vitatu, kimoja masta, sebule kubwa, paa la kuficha kama yale ya mtandaoni. Nilijiona shujaa. Mama akaibandika ramani ukutani kwenye chumba alichopanga. Alipopokea mchezo akachimba msingi wote, kwa kuwa ramani ndivyo ilivyosema, mchezo uliofuata akapandisha kuta hadi renta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, hela ikakata. Miaka minne baadaye nikapita pale nikakuta boma limeota mpapai katikati ya sebule, na mama bado anasumbuana na baba mwenye nyumba kuhusu kodi ya miezi sita. Akiba yake yote ilikuwa imelala kwenye msingi wa vyumba ambavyo mwaka ule hakuvihitaji. Na hakunilaumu hata kidogo, alinikaribisha chai. Bora angenitukana.

Watu wetu hawajengi kwa mkopo wa benki, wanajenga kwa awamu. Kwa hiyo mchoro wa kumsaidia mtu wa namna hii ni ule unaosema chumba kipi kijengwe kwanza, kikae wapi, na cha pili kitaungwaje bila kubomoa cha kwanza. Siku hizi naanza na chumba kimoja na choo, nyuma ya kiwanja, ubavuni, ili mbele pabaki wazi na gari la kunyonya choo lipate pa kupita. Vipimo navipanga kwa tofali: la inchi sita lina urefu wa inchi 18, basi ukuta nauweka uishie kwenye tofali zima au nusu, fundi asikatekate. Tofali likikatwa, kipande kinachobaki huwa kinaishia kuziba matope mlangoni, na kimelipiwa.

Halafu kuna mlango wa kesho. Pale ambapo chumba cha pili kitaungana na cha kwanza, weka renta tangu mwanzo, chini yake ziba kwa matofali yaliyojengwa kwa udongo badala ya saruji. Siku hela ikipatikana, yanatoka kwa nyundo ndogo na ukuta hautikisiki. Ukutani acha meno, yaani tofali zilizochomoza ukuta wa kesho ushikane nazo. Nondo zinazobaki zimechomoza zifunike kwa zege hafifu, maana upepo wa chumvi wa Dar unazila. Hakuna mwalimu aliyenifundisha hayo, nilifundishwa na fundi mmoja aliyeishia darasa la saba, na mwanzoni nilikuwa nambishia.

Wazo la nusu nyumba si langu wala si geni. Kule Chile, mbunifu majengo Alejandro Aravena na wenzake wa ofisi ya Elemental walipewa kazi Quinta Monroy, mji wa Iquique: karibu familia 100, na ruzuku ya dola 7,500 tu kwa kila familia, humo humo ardhi, miundombinu na nyumba. Wakajenga ile nusu ambayo familia isingeiweza peke yake, wakaacha nafasi ya nusu ya pili. Kazi ilikamilika 2004, na mwaka 2016 wakaziweka wazi ramani za miradi yao minne, yeyote azichukue bure. Zipitie, ila usizinakili. Iquique ni jangwani, hawajui masika ya Mbagala.

Karibu na nyumbani, nenda Chamazi. Baadhi ya waliohamishwa Kurasini kupisha upanuzi wa bandari walijikusanya kupitia shirikisho la wakazi maskini wa mijini, wakisaidiwa na taasisi ya CCI (Centre for Community Initiatives), wakanunua shamba la ekari 30 wakaanza kujijengea. Hapo ndipo utaelewa kwamba mchoraji ni mtu mmoja katika msururu mrefu: kuna ardhi, kuna akiba, kuna maji, kuna vikao. Oh, vikao.

Kwenye hivyo vikao usipeleke karatasi peke yake. Watu watatikisa vichwa kwa heshima tu. Nenda na kamba, chokaa na viti vya plastiki. Tulipochora chumba chini kwa chokaa uwanjani, bibi mmoja aliyekuwa kimya vikao vitatu akasimama "mlangoni", akageuka, akasema: "Mwanangu, hapa nikifungua mlango namwona jirani anaoga." Kwenye karatasi nilikuwa nimeupita mara kumi. Wanawake wa Mahila Milan, umoja wa vikundi vya akiba vya wanawake maskini, waliokuwa wakiishi kando ya barabara kule Byculla, Mumbai, walilijua hili tangu miaka ya 1980: walipima nyumba wanayoitaka kwa sari zao, wakatengeneza mfano wake kwa ukubwa halisi.

Kuhusu sheria: hujasajiliwa na bodi ya wabunifu majengo, hivyo huna mhuri wa kugonga kwenye ramani. Mtafute mbunifu aliyesajiliwa akusimamie, vinginevyo mtu atakwama kwenye kibali cha ujenzi na wewe umeshatokomea.

Kuhusu muda: Marekani kulikuwa na mpango wa ofisi za wabunifu kutoa asilimia 1 ya saa zao. Mwaka wa kazi wa saa 2,080 unatoa kama saa 20. Ni kidogo, ila ukizigawa Jumamosi moja moja na kwenda saiti zinatosha nyumba moja. Ukizimaliza wikiendi moja kwenye laptop umechora picha. Na nauli waambie wachangie, au chakula cha mchana. Kitu cha bure kabisa watu wanaona haya kukikosoa.

Yule mama nilimrudia. Tukachagua chumba kimoja cha nyuma cha lile boma, tukaongeza kozi (mistari ya tofali) tatu upande mmoja bati lipate mteremko, mbao nne kwa mbili, mabati yaliyokatwa kwa kipimo. Yale mambo ya paa la kuficha tukayasahau. Akahamia mwezi uliofuata. Mpapai wa sebuleni amekataa usikatwe, anauza mapapai.

Ukiwa Dar na una Jumamosi, njoo PM.