Maswali ya Wasomaji: Majira na Sikukuu katika Darasa la Awali

SWALI: Kamwene, mhariri. Ninafundisha darasa la awali katika kituo cha watoto kinachoendeshwa na usharika wetu mkoani Njombe, nikiwa na watoto 34 wa umri wa miaka minne na mitano. Mchungaji ameniagiza niandae kalenda ya mwaka mzima ya shughuli za darasani zinazofuata majira na sikukuu za Kikristo. Nilizozipata kwenye simu ni picha za kupaka rangi zenye theluji, maboga yaliyochongwa macho, sungura wanaobeba mayai na miti inayopukutisha majani mekundu. Nilitoa nakala chache, lakini watoto wananiuliza maswali nisiyoweza kuyajibu. Nianzie wapi? Na Krismasi tuisherehekee lini, ikiwa shule inafungwa mwanzoni mwa Desemba?
*Mwalimu wa awali, Njombe*

JIBU: Kamwene sana, mwalimu. Picha hizo ziweke kabatini kwanza. Hazina ubaya wowote, ila zilichorwa kwa ajili ya mtoto anayeiona theluji dirishani mwezi wa Desemba, naye wa kwako mwezi huohuo anavuka tope kwenda shule. Mwaka wangu wa kwanza kufundisha, mjini Iringa, nilitandaza pamba juu ya matawi ya mkrismasi ili ionekane theluji, na mtoto mmoja akaniuliza kwa huruma ni nani aliyeumia, kwa kuwa pamba yeye aliijua ya zahanati tu.

Fungua Mwanzo 8:22 katika tafsiri ya Muungano, ile iliyozoeleka makanisani mwetu. Pale Mungu anaposema baada ya gharika kwamba majira hayatakoma, watafsiri hawakuhangaika kubuni majina ya majira ya Ulaya, bali waliandika kaskazi na kusi, yaani zile pepo mbili ambazo watu wa pwani walipangia safari zao za majahazi. Mtoto wa Njombe hazijui pepo hizo, lakini anajua mvua inayoanza Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, anajua baridi ya Juni na Julai inayoacha sakitu nyeupe juu ya majani asubuhi, na anajua vumbi na upepo wa Septemba na Oktoba, wakati mashamba yanapoandaliwa. Hivyo ndivyo vipande vitatu vya mwaka ambavyo mtoto wa miaka minne anaweza kuvihisi kwa ngozi yake, na kalenda yako ijengwe juu ya hivyo, kisha sikukuu za Kanisa zipangwe ndani yake.

Tenga meza moja ndogo karibu na dirisha iwe kona ya majira. Wakati wa mvua watoto wataleta maua, konokono na majani mabichi ya mahindi. Wakati wa baridi wataleta magunzi, maharage ya rangi mbalimbali na vitunda vikavu vya mipaina vinavyookotwa bure katika misitu yetu. Wakati wa ukavu wataleta mabua, manyoya ya ndege na mawe. Kila Jumatatu mtoto mmoja aondoe kilichonyauka na kuweka kipya. Kazi hiyo haihitaji bajeti, na inamfundisha mtoto kuangalia, ambalo ndilo jambo kubwa katika umri huo.

Sasa Krismasi. Mwaka wa Kanisa huanza na Majilio, Jumapili nne kabla ya Krismasi, na kwa mwaka 2026 Majilio yanaanza tarehe 29 Novemba. Kwa kuwa shule hufungwa siku chache baadaye, walimu wengi huamua kuimaliza Krismasi yote mwezi wa Novemba, pamoja na mahafali, keki na Baba Krismasi mwenye ndevu za pamba (tena pamba!), na mtoto anakwenda nyumbani akiamini kwamba sikukuu imekwisha. Mimi sikubaliani na utaratibu huo. Darasani sherehekeeni kungojea, na kuzaliwa kwenyewe kuachieni familia na kanisa.

Kungojea hakuna mahali panapofundishika vizuri kama kwetu mwezi wa Novemba. Shamba limelimwa, mbegu iko ndani, na kila mtu mzima anatazama mawingu. Waulize watoto nyumbani kwao wanangojea nini. Watakujibu mvua, na wengine watasema mama anangojea mtoto. Ukishafika hapo, habari ya Mariamu na Elisabeti inaingia yenyewe. Kisha, kabla ya Jumapili ya kwanza ya Majilio, kila mtoto apewe kipande cha kamba chenye mafundo manne cha kwenda nacho nyumbani, ili kila Jumapili afungue fundo moja pamoja na wazazi, na fundo la mwisho likifunguka ajue kwamba Krismasi iko mlangoni.

Pengine mchungaji atapenda shada la Majilio lenye mishumaa. Ni jambo jema, nalo lilianzishwa kwa ajili ya watoto: mwaka 1839 huko Hamburg, Ujerumani, mchungaji Johann Hinrich Wichern, aliyekuwa akilea watoto maskini, aliweka mishumaa juu ya gurudumu la mkokoteni, mikubwa minne kwa ajili ya Jumapili na midogo kwa siku nyingine, ili watoto waone siku zilizobaki. Ukilitumia, mishumaa iwashwe na mwalimu peke yake, iwekwe mbali na mapazia, na watoto wakae. Kwa darasa la watoto 34 na mwalimu mmoja, mimi ningechagua kamba.

Na swali la theluji litakuja tu, basi ulijibu kwa ukweli. Bethlehemu ni mji wa vilimani, ambako usiku wa miezi hiyo huwa na baridi kweli, na theluji huanguka mara chache. Mtoto wa Makete au Njombe anayeamka asubuhi akiona sakitu anaweza kuwaelewa wachungaji waliokesha kondeni kuliko mtoto wa Dar es Salaam. Katika igizo lako, wachungaji wavae masweta yao ya kila siku na kofia za sufu. Watakuwa wachungaji kamili.

Mavuno ndiyo sherehe ambayo ningeitengea muda mrefu kuliko zote. Mahindi yetu hukauka na kuvunwa katika miezi ya baridi, lakini mwezi wa Juni shule zimefungwa, kwa hiyo shukrani ya darasa ifanyike mkifungua Julai. Kila mtoto alete kitu kimoja tu: gunzi lenye punje, kiazi, parachichi, ndizi, konzi ya maharage. Nasema kimoja kwa makusudi, kwani niliwahi kuona vikapu vimepangwa mbele ya madhabahu kwa ukubwa, kuanzia cha mwenye duka hadi cha bibi anayelea wajukuu, na watoto walisoma mpangilio ule haraka kuliko walivyosoma herufi. Mimina vyote katika ungo mmoja. Wapukuchue mahindi kwa vidole vyao, wahesabu punje kumi kumi, watenganishe maharage kwa rangi, na siku ya tatu yapikwe makande wale pamoja. Hesabu, lugha na ibada vitakuwa vimefanyika bila wewe kuvitangaza. Angalizo moja kuhusu miezi hiyo: jiko la mkaa lisiwashwe ndani ya darasa lililofungwa madirisha ili kupasha joto, kwa sababu moshi wake usioonekana huua. Apikaye makande apikie nje.

Sikukuu nyingine pita nazo kwa wepesi. Pentekoste, siku ya hamsini ya Pasaka, inatosha kwa vishada vya karatasi vinavyochezwa na upepo, ingawa upepo wenyewe huwa mzuri zaidi Septemba. Lakini mwishoni mwa Septemba usiikose Siku ya Mikaeli (yule malaika mkuu) na Watoto, ambayo makanisa ya Kilutheri huiadhimisha karibu na tarehe 29 na ambapo watoto hupewa nafasi ya kuongoza ibada. Omba darasa lako lipewe sehemu fupi, wimbo mmoja na mstari mmoja wa Biblia, na usiwachoshe kwa mazoezi ya mwezi mzima.

SWALI: Mwanangu ana miaka minne na anasoma awali hapa Tukuyu. Mwaka huu mwalimu wake aliwaonyesha picha za kusulubiwa zenye damu nyingi, na tangu hapo anaamka usiku akilia. Sisi ni Wamoraviani, na Pasaka huwa tunakwenda makaburini alfajiri. Je, nimzuie asiende tena?
*Mama wa mtoto mmoja, Rungwe*

JIBU: Pole, mama. Picha zile hazikufaa kwa umri wake, na ninakushauri umweleze mwalimu hivyo kwa upole, mkiwa wawili, bila kumkabili mbele ya wazazi wengine. Mtoto wa miaka minne anaweza kuambiwa kwamba Yesu alikufa, marafiki zake wakalia, wakamzika, na siku ya tatu akafufuka. Maneno yawe hayohayo, yaliyo wazi. Usimwambie kwamba Yesu alilala, kwani mtoto hulichukua neno hilo kama lilivyo, na usiku wewe ukimwambia alale ataogopa, labda ndicho kilio chenyewe.

Makaburini mpeleke. Ibada ile ya alfajiri, ambayo Wamoraviani wa Herrnhut, Ujerumani, waliianza mwaka 1732 na ambayo kanisa lenu limeirithi kupitia wamisionari waliofika Rungwe mwaka 1891, haina picha ya kutisha hata moja: kuna giza linaloondoka, nyimbo, tarumbeta na jua linalochomoza. Mbebe mgongoni, na mfunike vizuri, maana mvua za Tukuyu mwezi wa Aprili unazijua.

Darasani kazi inayofaa Kwaresima ni ya mbegu. Kila mtoto apande harage katika kopo lenye udongo, takriban juma moja kabla ya Jumapili ya Matawi. Kwa kawaida maharage huchipua kati ya siku saba na kumi, na kwenye baridi kama ya Makete huchelewa zaidi, kwa hiyo katika Juma Kuu watoto watakuwa wanachungulia makopo yao kila asubuhi, na maneno ya Yohana 12:24 kuhusu chembe inayoanguka ardhini hayatahitaji maelezo marefu. Mwalimu apande makopo matano ya akiba pembeni, kwa kuwa lazima mbegu ya mtoto fulani itaoza, na hapo si mahali pa kumwacha alie peke yake. Amruhusu aichimbue, aitazame, kisha apande nyingine.

Kuhusu mayai, desturi ya Ulaya ilitokana na kwamba zamani Wakristo wa huko hawakula mayai wakati wa Kwaresima, huku kuku wakiendelea kutaga, yakarundikana hadi Pasaka. Kwetu yai likichemshwa na kugawanywa wale, limetimiza wajibu wake. Sungura abaki bandani.

SWALI: Mimi ni katibu wa kamati ya wazazi katika shule ya awali ya kanisa jijini Mbeya. Tuna watoto watatu wa Kiislamu. Je, washiriki igizo la Krismasi? Na mchango wa sherehe wa shilingi 15,000 ni halali?
*Katibu, Mbeya*

JIBU: Waulizeni wazazi wao mapema, mwezi wa Oktoba, kwa mazungumzo ana kwa ana badala ya barua iliyopigwa mhuri. Wengine watakubali mtoto aimbe lakini asivae vazi la Mariamu au la malaika, wengine watapenda awe mshika taa au mfungua pazia, na wengine watamchukua nyumbani siku hiyo. Majibu yote matatu yapokelewe bila kununa. Mwalimu naye akumbuke kuwatakia Iddi njema watoto hao mbele ya wenzao siku yao inapofika.

Mchango wa 15,000 ni mkubwa kwa mzazi anayeuza ndizi Mwanjelwa, tena kwa sherehe ya saa mbili. Nyota za ukutani zinafungwa kwa mabua matatu ya mahindi na uzi, mavazi ni kanga za akina mama zinazorudi nyumbani jioni, na chakula kila mzazi aje na alichonacho. Kitakachobaki kununuliwa ni sukari na majani ya chai, na Rungwe iko jirani.