Muulize Dokta: "Kaka yangu aliwaka moto akiwa kwenye nusu kaputi"

SWALI: Shikamoo dokta. Nipo Tanga, mimba yangu ina miezi minane na kliniki wameniambia nyonga ndogo huenda nikapasuliwa. Sasa mwaka juzi kaka yangu wa boda alivunjika mguu, wakampeleka thieta kupigwa chuma, wakampa nusu kaputi, haikupita hata saa moja tunaona manesi wanakimbizana, tukaambiwa joto limepanda ghafla na taya limekaza, akafariki humohumo. Na baba mdogo zamani naye alifia thieta kwenye ngiri. Nyumbani wanasema ukoo umefungwa. Naogopa hata kurudi kliniki.

JIBU: Marahaba mama kijacho, na pole sana kwa msiba. Kwanza kliniki urudi, tena wiki hii, usisubiri uchungu ukukute. Faili la kaka yako sijaliona kwa hiyo siwezi kuapa, ila ulivyosimulia, joto, taya, na vifo viwili kwenye damu moja, mtu wa usingizi yeyote aliyesoma akisikia hayo atakaa wima kwenye kiti. Mwambie hivyohivyo ulivyoniandikia mimi, usiseme tu "kaka alifia kwenye upasuaji" manake hiyo haimwambii kitu. Na habari njema niiseme mapema: kujifungua kwa upasuaji mara nyingi kunafanyika kwa sindano ya mgongo, na dawa za sindano hiyo haziamshi tatizo ninalolihisi.

Tatizo lenyewe ni hili, kitaalamu linaitwa malignant hyperthermia, yaani mwili kuwaka joto la hatari kwa sababu ya dawa za usingizi. Ndani ya misuli kuna maghala madogo ya kalsiamu, na kila ghala lina milango, kitaalamu risepta za rayanodini. Ukitaka kuinua ndoo milango inafunguka kufumba na kufumbua, kalsiamu inamwagika, msuli unakaza, halafu pampu zinairudisha ghalani msuli unalegea, basi, hivyo siku nzima. Sasa kuna watu wamezaliwa na kasoro kwenye jini inayotengeneza milango hiyo, inaitwa RYR1, komeo limelegea kidogo. Wengi wao maisha ya kawaida hawajui lolote, wanabeba magunia, wanacheza mpira. Lakini wakivuta gesi ya usingizi iitwayo halotheni au ndugu zake isoflureni na sevoflureni, au wakichomwa saksametoniamu ile ya kulegeza misuli, milango inabaki wazi. Misuli inakaza mwili mzima, pampu zinahangaika kurudisha kalsiamu inayomwagika tena, na kazi yote hiyo inaunguza nishati, ndo maana mtu anawaka. Siyo homa ile, ni injini iliyokosa breki, na panadol haifui dafu.

Hayo ya kusema ukoo umefungwa si ya kwenu peke yenu. Mwaka 1960 kule Melbourne, Australia, kijana wa miaka 21 alivunjika mguu akawaambia madaktari haogopi mguu, anaogopa usingizi, kwa sababu ndugu zake 10 walishakufa wakipewa etha. Wakampa halotheni wakidhani ndo salama, akaanza kuwaka vilevile, wakasimamisha, wakampoza kwa barafu akapona. Daktari Michael Denborough na mwenzake wakaandika kisa chake, na huo ndo mwanzo wa dunia kuelewa kwamba hili ni jambo la kurithi. Mzazi mwenye kasoro, kila mtoto ana nusu kwa nusu ya kuichukua.

Dawa ipo, inaitwa dantrolini, inatuliza milango isiendelee kumwaga. Iligundulika inafaa mwaka 1975 huko Cape Town, kwa nguruwe (samahani wasomaji wangu wa pwani, ila nguruwe wana kasoro hiihii na walikuwa wanakufa kwa mshtuko tu wakipelekwa machinjioni). Kabla ya hapo wengi waliopatwa walikufa, sasa hivi ikiwahi kutolewa wengi wanapona. Shida ni kwamba ni ghali, na kichupa cha kawaida kina miligramu 20 tu, mtu wa kilo 70 dozi ya kuanzia ni vichupa 9 na kila kimoja kinachanganywa na mililita 60 za maji, hebu fikiria manesi wanavyotikisa vichupa huku mgonjwa anaungua. Kwa hiyo waulize mapema hospitalini kama ipo. Na ikilazimu ulale kabisa, ketamini na propofoli hazina neno kwenye hili, mashine nayo isafishwe mabaki ya gesi kwanza. Wadogo zako nao wajue. Na asije mtu kukwambia "mbona fulani alishalazwa usingizi akaamka", wengine wanapita mara 2 au 3 salama, ya nne ndo inawakamata.

SWALI: Dokta, kijana wangu wa miaka 10 anaanguka akikimbia shuleni, mara moja alianguka mbwa alipomshtua. Anazinduka baada ya dakika chache. Tunaambiwa kifafa, anakunywa dawa lakini bado. Jirani anasema kalsiamu imepungua nimpe maziwa mengi.

JIBU: Maziwa mpe kwa afya tu, hapa sidhani kalsiamu ndo imepungua. Anayeanguka akikimbia au akishtuka, acheni kuhangaika na kichwa pekee, tazameni moyo. Moyo nao una milango ya namna hiyo, jini yake ni RYR2, na mwaka 2001 ndo watafiti waliunganisha kasoro zake na ugonjwa huu ninaoushuku, wa moyo kuvurugika mtu akikimbia au akishtuka. Adrenalini ikipanda milango inavuja kati ya pigo na pigo, moyo unaanza kwenda mbio ovyo, damu haifiki kichwani, chini. Ubaya wake ni kwamba akipimwa umeme wa moyo amelala kimya kitandani kipimo kinatoka safi kabisa, na altrasaundi pia safi, wazazi wanarudishwa nyumbani. Lazima apimwe akikimbia kwenye mashine chini ya uangalizi. Ikithibitika zipo dawa, propranololi au nadololi, wengine wanaongezewa flekainidi. Mpeleke kwa daktari wa moyo haraka, huyu anaweza kufa uwanjani sisemi kukutisha, mpaka apimwe asikimbie mashindano wala asiogelee. Dawa ya kifafa usimkatishe mwenyewe ghafla.

SWALI: Nimesikia kahawa inafungua hiyo milango ya kalsiamu. Mi ni mzee wa Zanzibar, vikombe vitano barazani kila jioni, niache?

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Uliyesikia kwake hakudanganya, kafeini inaifungua kweli, na maabara wanachukua kipande cha msuli wa paja la mtu anayeshukiwa kuwa na ile kasoro ya kuwaka kwenye nusu kaputi, wanakiloweka kwenye kafeini kuona kama kitakaza. Ila hicho kiasi chao ni kikubwa mno, hata ukimaliza birika zima la muuza kahawa damu yako haikifikii. Kama moyo hauendi mbio na presha iko sawa, kaa barazani. Vikombe vya baada ya isha ndo nina wasiwasi navyo, lakini hivyo vinakunyima usingizi kwa njia nyingine kabisa.