Mjane aliye edani kwenda kwa mshauri nasaha: je, ni upungufu wa subira?

SWALI: Assalaamu alaykum, Sheikh. Mume wangu alifariki ghafla na sasa niko mwezi wa tatu wa eda. Usingizi sipati, sala nyingine zinanipita nimekaa tu, na watoto nawakaripia bila ya kosa. Baada ya mazishi nikagundua kuwa marehemu alikuwa na madeni aliyonificha. Nalia huku nimemkasirikia, kisha najilaumu kwa kumkasirikia. Rafiki yangu amenielekeza kwa mshauri nasaha mwenye kliniki yake binafsi, kazi yake ni kukaa na waliofiwa. Ni mwanamke, si Muislamu, na anatoza ada. Shemeji yangu anasema kwenda huko ni kumshitaki Mwenyezi Mungu kwa viumbe, na kwamba mwenye imani Qur'ani inamtosha. Je, niende? Na nikimweleza habari za madeni, nitakuwa nimemsengenya mume wangu?

JIBU: Wa alaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakatuh. Mwenyezi Mungu amrehemu mumeo, amsamehe, na akupe faraja wewe na wanao. Jibu kwa ufupi, dada yangu: nenda, wala eda, yaani kipindi chako cha kungoja baada ya kufiwa na mume, isikuzuie, kwa masharti nitakayoyataja.

Shemeji yako naona anakusudia kheri, na bila shaka ameshika kauli ya Nabii Ya'qub (A.S.): "Hakika mimi namshitakia Mwenyezi Mungu sikitiko langu na huzuni yangu" (Yusuf, 12:86). Lakini asome na aya mbili zilizotangulia. Ya'qub alisema kwa sauti, na wanawe wakasikia, "Oo, majonzi yangu juu ya Yusuf!" na macho yake yakawa meupe kwa huzuni aliyokuwa akiizuia kifuani. Huyu ni Nabii, na subira yake ndiyo ile aliyoiita mwenyewe subira njema. Huzuni ilimdhuru mwili naye hakutoka kwenye subira. Wanawe ndio waliomkemea kwa kumkumbuka aliyepotea, na Qur'ani haikuwasifu kwa hilo.

Kilichokatazwa ni kumlalamikia Mola kwa kutoridhika na kadari yake, kupiga mayowe ya kuombolezea, kujipiga mashavu na kuchana nguo. Kueleza maumivu yako kwa anayeweza kukusaidia ni jambo jingine kabisa. Bi Aisha (R.A.), mke wa Mtume, aliumwa na kichwa akasema, "Ole kichwa changu!" Mtume (S.A.W.) hakumwambia anyamaze asubiri, bali alimjibu, "Bali mimi ndiye wa kusema, ole kichwa changu!" Hadithi hii ameipokea Imamu Bukhari, akaiweka katika mlango wa ruhusa ya mgonjwa kusema kuwa anaumwa. Na alipofiwa na mwanawe Ibrahim, Mtume alilia mbele ya watu, akasema kuwa jicho hutoa machozi na moyo huhuzunika, wala hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu. Basi mpaka umewekwa kwenye lile linalosemwa na ulimi, si kwenye machozi wala kwenye kueleza.

Ama kauli ya kuwa Qur'ani inatosha, naam, Qur'ani ni ponyo. Lakini aliyetuletea Qur'ani ndiye aliyesema, "Jitibuni, enyi waja wa Mwenyezi Mungu." Na kwa huzuni ya msiba hasa tuna mfano wake: katika vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim imepokewa kuwa watu wa Bi Aisha walipofiwa, na wanawake waliokuja wakatawanyika wakabaki wa karibu, aliamrisha ipikwe talbina, uji mwepesi wa shayiri, kwa kuwa alimsikia Mtume akisema kuwa hutuliza moyo wa mgonjwa na huondoa baadhi ya huzuni. Uji, dada yangu! Ikiwa huzuni ya aliyefiwa inatafutiwa tiba jikoni, vipi itakuwa dhambi kuitafutia kwa mtu aliyesomea namna ya kusikiliza? Wanazuoni wetu wa zamani hawakuiona elimu hii kuwa ngeni. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 Hijria (934), aliandika kuhusu afya ya mwili na afya ya nafsi katika kitabu kimoja.

Hata hivyo, nisikutishe. Kulia miezi mitatu baada ya kufiwa na mume si maradhi. Uainishaji wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani ulioanza kutumika mwaka 2022 unatambua huzuni iliyopitiliza, na hauihesabu kabla ya miezi sita. Lakini usingizi kukosekana, sala kupita na watoto kuumia ni haja ya kutosha, huna sababu ya kungoja miezi hiyo itimie. Na likikujia wazo la kujidhuru, usingoje hata siku ya miadi: mwambie mtu wa nyumbani na uende hospitali saa hiyohiyo, iwe usiku, iwe mchana.

Kuhusu eda, miezi minne na siku kumi (Al-Baqara, 2:234), asili ni mjane kukaa katika nyumba yake, kwa hadithi ya Furay'a bint Malik, mjane ambaye Mtume alimwamrisha abaki nyumbani kwake mpaka eda iishe. Lakini mafaqihi (wanazuoni wa sheria) wengi wamemruhusu kutoka mchana kwa haja, na usiku alale kwake. Miongoni mwa wanayoyataja ni riwaya ya Mujahid kuhusu wajane wa mashahidi waliouawa katika vita vya Uhud. Walimwambia Mtume kuwa wanapata upweke usiku, naye akawaruhusu wakutane kwa mmoja wao wazungumze, hata wakitaka kulala kila mmoja arudi nyumbani kwake. Sanadi yake, yaani mlolongo wa wapokezi, ni mursal (Mujahid hakumkuta Mtume wala hakumtaja aliyemsimulia), hilo silifichi, lakini wanazuoni wameifanyia kazi. Nami kila nikiisoma naona kuwa haja waliyoitaja wale wajane haikuwa chakula wala dawa, ilikuwa ni kuzungumza tu. Basi chukua miadi ya mchana, toka bila mapambo wala manukato, urudi. Ikiwezekana mzungumze kwa simu ukiwa nyumbani, ni bora zaidi mpaka eda iishe.

Ada haina tatizo, ni ujira wa kazi halali. Kuwa si Muislamu nako hakuzuii: katika safari ya Hijra Mtume aliajiri mwongoza njia aliyekuwa mshirikina, akamwamini kwa roho yake na ya Abu Bakr. Mshukuru Mungu kuwa ni mwanamke, kwa hiyo suala la faragha na mwanamume wa kando halipo. Mwambie tangu siku ya kwanza kuwa uko edani na sala kwako ni nguzo. Akikushauri lililo haramu, au akikuona dini yako ndiyo ugonjwa, tafuta mwingine.

Na kusengenya? Hind bint Utba alimwambia Mtume kuwa mumewe Abu Sufyan ni bahili, hampi yeye na mwanawe matumizi ya kutosha. Mtume alimjibu haja yake wala hakumkemea kwa kumtaja mume. Kutokana na hadithi kama hii wanazuoni wamesema inajuzu kumtaja mtu kwa kutafuta msaada, kwa kadiri ya haja. Zungumza na mshauri wako juu ya madeni na hasira yako. Usiwazungushie majirani.

Kuhusu madeni yenyewe, huyo mshauri hatayaondoa. Yanalipwa katika mali aliyoiacha, kabla ya warithi kugawana (An-Nisaa, 4:11-12). Mali isipotosha, wewe hudaiwi kwa mali yako ila ukitaka kujitolea. Waombe wanaodai walete ushahidi, umkabidhi shemeji yako kazi ya kuyahesabu. Huo ndio msaada wake unaohitajika sasa.

Na Mwenyezi Mungu ni Mjuzi zaidi.