Kuanguka mapema kwenye rotarodi hakuthibitishi kuwa mmea unatuliza wasiwasi

Ndugu, umeuliza kama panya waliopewa dondoo la mmea wakianguka mapema kwenye rotarodi, yaani fito inayozunguka ambayo panya hupanda na kupimwa anakaa juu yake sekunde ngapi, basi mmea huo unaondoa wasiwasi. Hapana. Fito hiyo, iliyoelezwa na watafiti Dunham na Miya mwaka 1957, hupima uratibu na usawa wa mwili tu. Panya anaweza kuanguka kwa sababu misuli imelegea, amesinzia, au dozi imeanza kuwa sumu.

Kwanza kagua kundi la ulinganisho. Wasiopewa mmea wapewe kiyeyusho kilekile kilichobeba dondoo, kwa njia na ujazo uleule; ethanoli (pombe) iliyobaki kwenye dondoo inaweza kuwayumbisha, na hapo ndipo wengi hujidanganya. Kundi jingine lipewe diazepamu, dawa ya kutuliza wasiwasi, ambayo inajulikana kuvuruga uratibu ikiwa dozi ni kubwa, ili uhakikishe kifaa chako kinanasa tofauti. Wote wafundishwe kupanda fito kabla ya siku ya kipimo, na anayehesabu sekunde asijue nani kapewa nini.

Kisha waweke kwenye uwanja wazi, yaani sanduku pana lisilo na vizuizi, uone wanatembea kiasi gani, halafu wapitishe juu ya ubao mwembamba uhesabu miguu inavyoteleza. Anayetembea kama kawaida lakini anateleza sana, shaka iko kwenye usawa. Asiyetembea kabisa, fikiria usingizi au ugonjwa. Wasiwasi una vipimo vyake, ila vingi navyo hutegemea panya kutembea, kwa hiyo maliza hili kwanza.

Dozi jaribu angalau tatu. Kibali cha kamati ya maadili nadhani unacho tayari.