Ukitazama The Apprentice, shika kalamu
Wengi wanaofuatilia The Apprentice ya Uingereza, kipindi cha televisheni ambapo timu hushindana kufanya biashara, husubiri mfanyabiashara Alan Sugar, ambaye ndiye mwamuzi, anyooshe kidole na kumfukuza mtu. Mimi nasubiri dakika chache kabla ya hapo, timu zinaposomewa matumizi, mauzo na faida. Hapo ndipo penye shule.

Nauza sambusa na keki maofisini, kwa hiyo mashindano ya chakula ndiyo nayafuatilia kwa makini zaidi. Timu inaingia jikoni alfajiri na kupika kwa wingi kwa sababu kiongozi ana uhakika vyote vitatoka. Mchana bei iko juu. Jioni masinia bado yamejaa, bei inashuka nusu, inashuka tena, mwisho wanabembeleza wapita njia. Wakirudi kikaoni wanalaumiana nani hakuuza. Hasara ilishaingia asubuhi, walipopanga idadi bila kumuuliza mteja hata mmoja!

Ndugu yangu, pata oda kabla hujawasha jiko. Nikiwa na oda ya sambusa 80 napika 100, sifiki 200. Kisha piga hesabu ya kila kitu: nyama, mafuta, gesi, vifungashio, na nauli ya bodaboda, ambayo kwa oda ndogo inaweza kumeza faida yote.

Ule ubabe wa timu hizo wa kumkandamiza muuzaji hadi ashushe bei usiuige. Wao hawarudi kwake kesho. Wewe muuza unga wako utamhitaji wiki ijayo, pengine siku huna hela na unaomba akukopeshe.

Kuna na suala la zawadi. Kipindi kilipoanza mwaka 2005, mshindi alipata ajira ya mshahara wa pauni 100,000 kwa mwaka. Tangu 2011 anapewa mtaji wa pauni 250,000, na Sugar anachukua nusu ya kampuni. Maana yake kampuni nzima, pamoja na fedha hizo, imethaminiwa pauni 500,000. Kwa anayeanza, tena akiwa na mshauri mzoefu pembeni, naona ni neema. Kwa mwenye biashara inayotembea, nusu ni nyingi mno.

Kwa hiyo shemeji au rafiki akikuletea milioni mbili muwe washirika, muulize anataka asilimia ngapi, nani ataamua mkitofautiana, na siku akitaka kutoka atalipwaje. Andikeni na kusaini kabla hujapokea hata shilingi.