Mnaoanza saikolojia ya jamii, ulizeni kwanza mtu alikuwa wapi

Mkijiunga mwaka wa kwanza, ndugu na majirani watawauliza kama sasa mnaweza kusoma mawazo yao. Wacheni wacheke. Tunachofundishwa ni kujizuia kusema "ndivyo alivyo" kabla ya kuuliza mtu alikuwa wapi, na nani, akiwahi nini.

Wanafunzi wangu huwa nawaanzishia jaribio la John Darley na Daniel Batson la mwaka 1973, huko Princeton, Marekani. Wanafunzi wa chuo cha theolojia waliambiwa waende jengo jingine kutoa hotuba fupi, baadhi yao kuhusu Msamaria Mwema. Njiani, watafiti walimweka mtu aliyejikunyata mlangoni, akikohoa na kugumia. Wenye muda wa kutosha, asilimia 63 walimsaidia. Walioambiwa wamechelewa, asilimia 10. Wapo waliomruka wakienda kumhubiri Msamaria! Tusiharakishe kuwaita wanafiki. Saa ilikuwa inawakimbiza.

Sasa mfikirie karani mwenye foleni inayofika mlangoni. Akikujibu kwa mkato, ana dharau. Wewe ukijibu kwa mkato, umechoka. Mwanasaikolojia Lee Ross aliliandika kosa la namna hii, la kulaumu tabia ya mtu na kusahau hali aliyomo, mwaka 1977, nasi tunalirudia kila siku. Zoezi langu ni hili: mchukue mtu aliyekuudhi wiki hii, konda au mwenye nyumba, kisha andika sababu tatu za kitendo chake zisizogusa tabia yake. Wengi hukwama kwenye ya pili. Msiruke zoezi hili kwa kuwa linaonekana la kitoto.

Somo hili lina faida hata stendi. Mwaka 1968 Darley na Bibb Latané waliwasikilizisha washiriki sauti ya mtu aliyeonekana kushikwa na kifafa. Waliodhani wanasikia peke yao, asilimia 85 walitafuta msaada kabla sauti haijakatika. Waliodhani kuna wasikilizaji wengine wanne, asilimia 31. Kwa hiyo mgonjwa akianguka, usipige kelele "jamani, saidieni!" Mnyooshee mmoja kidole: "Kaka wa fulana nyekundu, piga simu."

Utafiti huo ulichochewa na mauaji ya Kitty Genovese, New York, 1964. Habari ya mashahidi 38 waliotazama bila kufanya lolote ilikuja kuonekana imetiwa chumvi, lakini bado naikuta kwenye majibu ya mitihani kama ilivyo. Nakata alama.

Na msiyabebe matokeo ya Marekani mzimamzima. Mwaka 1984 Joan Miller aliwalinganisha Wamarekani na Wahindi wa Mysore. Watu wazima wa Mysore walieleza matendo ya wenzao kwa kutaja hali na mahusiano zaidi kuliko Wamarekani. Mkifika kutafuta mada ya utafiti, waulizeni makonda na abiria kuhusu ugomvi uleule wa nauli, kisha hesabuni nani anataja tabia na nani anataja hali.